Wazazi wa Bati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tulipoanza kuisoma hadithi ya katuni hii mbele ya wazazi, walimu na watoto wa hapa Mbeya, maswali yale yale yamekuwa yakijirudia, mengine kwa upole na mengine kwa ukali. Majibu yafuatayo yameandikwa na mmoja wa waandishi wa hadithi, ambaye ndiye hulaumiwa kichekesho kisipochekesha.

Wazazi wa Bati ni katuni ya namna gani?

Ni katuni ya vichekesho kwa ajili ya watoto, inayoandaliwa katika vipindi vya dakika 11 kila kimoja. Inawahusu ndugu watatu yatima wanaoishi Uyole, pembezoni mwa Jiji la Mbeya: Atupele mwenye umri wa miaka 11, Lusajo mwenye miaka 8, na Kisa mwenye miaka 4, ambaye karibu kila anachosema ni swali. Babu yao alikuwa fundi wa redio, pampu za maji na mashine za kusaga. Alipofariki aliwaachia nyumba ya vyumba viwili, deni la saruji, na stoo iliyofungwa kwa kufuli tatu. Ndani ya stoo hiyo wamesimama roboti wawili: Mama Bati, ambaye kiwiliwili chake ni pipa la mafuta, na Baba Nati, ambaye kila akipiga chafya hudondosha nati moja, na familia nzima ikalazimika kupiga magoti kuitafuta.

Babu aliwaachia roboti hao daftari la maelekezo ya malezi, aliloliandika kwa mkono wake. Kwa bahati mbaya panya waliingia stoo kabla ya watoto. Kurasa nyingine zimetafunwa nusu, na roboti, kwa kuwa ni roboti, hutekeleza kilichobaki herufi kwa herufi. Katika kipindi cha kwanza, mstari mmoja unasomeka: «Mtoto akilia, mbe…», kisha karatasi imekatika. Mama Bati hana namna ya kujua kama babu alikusudia kuandika «mbembeleze» au «mbebe», kwa hiyo anachagua lililo salama zaidi na kumbeba Kisa mgongoni kwa siku mbili mfululizo, hata pale Kisa anapokuwa amekwisha kunyamaza na anaomba kushushwa aende chooni.

Je, ni haki kuwachekesha watu kwa habari za yatima?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, nasi hatuna sababu ya kulikwepa, kwa sababu anayeliuliza mara nyingi ni mtu aliyelea yatima au aliyekuwa yatima yeye mwenyewe.

Tulipoanza kuandika tulijiwekea kanuni moja: kila kichekesho kina mtu anayebeba aibu yake, na mtu huyo asiwe mtoto. Kila ukurasa ukikamilika tunausoma kwa sauti na kujiuliza, «Hapa anayechekwa ni nani?» Jibu likiwa ni Atupele kwa sababu sare yake imechakaa, au Lusajo kwa sababu hana wa kumsainia daftari la shule, ukurasa huo unatupwa. Jibu likiwa ni Baba Nati, aliyekwenda kikao cha wazazi akiwa amejipaka mafuta ya kulainishia mnyororo ili apendeze, ukurasa unabaki. Nakiri kwamba tumetupa kurasa zilizotuchekesha sana sisi wenyewe. Ilikuwepo moja ya Lusajo akipokea viatu vya msaada, vyote viwili vya mguu wa kushoto; sote tuliangua kicheko, kisha mwenzetu mmoja akasema kwamba yeye aliwahi kupewa viatu kama hivyo, na kikao kikaishia hapo.

Hadithi nyingi zimemzoeza yatima kuwa kiumbe wa kuhurumiwa. Ananyanyaswa na mama wa kambo, anavumilia, anatii, na mwisho wa hadithi anatuzwa kwa kuvumilia kwake. Watoto wetu watatu hawako hivyo. Wanagombania kitanda, wanachota sukari kwa kidole, wanadanganya kwamba wameoga. Kuna methali inayosema «yatima hadeki», nayo husemwa kana kwamba ni busara tu, ingawa mtoto anayeambiwa huisikia kuwa onyo: usitake zaidi ya ulichopewa. Mama Bati hajawahi kuisikia methali hiyo, kwa kuwa haimo katika daftari. Yeye anaona mtoto analia kwa sababu uji una chenga, naye anapika uji mwingine. Analia tena kwa sababu kikombe ni cha bluu, naye anakwenda kukipaka rangi. Majirani wanasema anawaharibu watoto, na anapoambiwa neno hilo anaingiwa na hofu na kuanza kuwakagua watoto kwa bisibisi, akitafuta palipoharibika.

Wazazi wa watoto hawa walifariki kwa sababu gani?

Hatusemi, na hatutasema hata vipindi vikiongezeka. Mikoa yetu ya nyanda za juu kusini imebeba mzigo mzito wa virusi vya ukimwi: katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017, kiwango cha maambukizi kwa watu wazima kilikuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa takribani asilimia 5. Mtazamaji wa huku akisikia neno yatima, mara nyingi hukimbilia jibu moja kichwani, na mtoto anayeketi karibu naye hulisoma jibu hilo usoni. Tukitaja ugonjwa, baadhi ya watoto wataanza kuulizwa maswali shuleni. Tukitaja ajali, tutakuwa tumechagua msiba unaoonekana wa heshima zaidi, na hilo nalo ni kuwatenga wengine. Katika nyumba ya Uyole ipo picha moja ukutani, ya mwanamume na mwanamke waliovaa nguo za harusi, na Baba Nati huifuta vumbi kila asubuhi bila mtu yeyote kumwambia.

Kwa nini wazazi wawe roboti, wasiwe shangazi, mjomba au bibi?

Katika maisha ya kweli, yatima wengi wa huku hulelewa na bibi, shangazi, mama mdogo au kaka mkubwa, nao hawa wanafanya kazi kubwa kuliko katuni yoyote. Hata hivyo mwandishi wa vichekesho anahitaji mlezi anayekosea sana. Kama mlezi huyo angekuwa shangazi, kila kosa lake lingekuwa shutuma kwa mashangazi wote, na ukoo mzima ungesimama kumtetea. Roboti hana ukoo wa kuaibishwa.

Kuna sababu nyingine, na kwangu mimi ndiyo iliyo tamu zaidi. Mtoto huambiwa mara nyingi kwa siku kwamba hasikii, hajui, asubiri akue. Mbele ya Mama Bati, mtoto ndiye anayejua. Atupele humfundisha mama yake kwamba mgeni haulizwi kama amekula, huwekewa chakula. Kwamba mtu akisema «mimi sijambo» huku amejishika tumbo, basi ana jambo. Na kwamba «kesho njoo» ya fundi cherehani si miadi. Somo hilo la mwisho linachukua kipindi kizima, kwa sababu Mama Bati anakwenda kila siku saa moja asubuhi kwa siku tisa, na fundi, kwa kuelemewa na adabu yake, anashona gauni zima bure.

Je, sheria ya Tanzania inaruhusu mashine kuasili mtoto?

Hairuhusu, na ugumu huo tumeugeuza kuwa vipindi vitatu.

Mambo ya kuasili yanasimamiwa na Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu, na maafisa ustawi wa jamii hushiriki katika kuchunguza hali ya mtoto na ya nyumba anayokwenda. Miongoni mwa masharti ya kawaida, mwombaji asiye ndugu wa mtoto anatakiwa awe ametimiza angalau miaka 25, na awe amemzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Mume na mke wakiomba pamoja, inatosha mmoja wao kutimiza sharti hilo. Tulipolisoma tulifurahi kupita kiasi, kwa sababu ghafla umri wa roboti ukawa jambo la kisheria. Katika hadithi yetu, babu alianza kuwaunda kwa vyuma chakavu mwaka 1976, mwaka ambao treni za TAZARA zilianza kufanya kazi rasmi kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Kwa hiyo Baba Nati anakaribia miaka 50, naye anaingia katika ofisi ya ustawi wa jamii kwa kujiamini, akiwa ameshika risiti ya skrubu yake ya kwanza badala ya cheti cha kuzaliwa.

Afisa anakuta kwamba umri si tatizo. Tatizo ni kwamba fomu inauliza jina la mama mzazi wa mwombaji, na Baba Nati anaandika «pampu». Halafu anaulizwa kama yeye na Mama Bati wamefunga ndoa. Anajibu kwa fahari kwamba wamefungwa, tena kwa spana namba kumi na saba.

Hatukutaka afisa huyo awe adui. Katika katuni nyingi mtu mwenye faili ndiye mbaya, lakini huku kwetu afisa ustawi wa jamii mara nyingi ni mtu mmoja mwenye kata nyingi na pikipiki isiyo na mafuta, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtoto haangukii mikononi mwa mtu hatari. Sheria ile ile inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, ndiyo maana katika kipindi cha tatu afisa anawaomba watu wazima wote watoke nje na kumuuliza Kisa anataka kukaa na nani. Kisa anamjibu kwa swali, kama ilivyo kawaida yake. Swali lenyewe tumeliacha kwa watazamaji walione siku ya kipindi.

Neno moja lilitusumbua. Serikali huita malezi ya muda katika familia nyingine «malezi ya kambo», nalo ni neno sahihi, ila mtoto aliyekua na hadithi za mama wa kambo anayemnyima mtoto chakula hulisikia vingine kabisa. Tulijaribu kulikwepa, kisha tukaamua kulitumia. Mama Bati anaposikia kwamba yeye ni mama wa kambo, anauliza kambo ni nini, na Lusajo anamsimulia hadithi zote anazozijua. Roboti anatetemeka usiku kucha mpaka vifuniko vya sufuria vinagongana.

Neno «roboti» limetoka wapi?

Limetoka katika lugha ya Kicheki. Karel Čapek alilitumia katika tamthiliya yake ya mwaka 1920, kwa pendekezo la kaka yake Josef, akilichukua kutoka neno «robota», ambalo maana yake ni kazi ya kulazimishwa, yaani shokoa. Atupele analisoma jambo hili katika kitabu cha maktaba na kumwambia Mama Bati kwamba jina lake maana yake ni mtumwa. Mama Bati anatua ndoo na kwa mara ya kwanza anauliza kama kuna siku ya mapumziko. Watoto wanafua wenyewe Jumamosi hiyo, na matokeo yake ni kwamba mashati yote meupe yanakuwa ya waridi.

Kwa nini roboti hawa hawana sura za watu?

Mwaka 1970 mtaalamu wa roboti wa Japani, Masahiro Mori, alieleza kwamba kitu kikifanana kidogo na mtu hupendwa, na kadiri kinavyozidi kufanana ndivyo kinavyozidi kupendwa, mpaka kinapokaribia sana kuwa mtu bila kufika. Hapo upendo huporomoka na mtazamaji huingiwa na baridi mgongoni. Watoto hulijua hilo bila kufundishwa. Mchoro wetu wa kwanza wa Mama Bati ulikuwa na ngozi, midomo na kope, na mtoto wa mchoraji aliogopa kulala chumba kimoja nao.

Sasa macho yake ni taa mbili za baiskeli, kinywa chake ni mlango wa jiko la mkaa, na nyusi zake ni vipande viwili vya bati vinavyopanda na kushuka. Nyusi zinatosha kwa mambo mengi. Akishangaa zinapanda, akihuzunika zinainama kwa nje, na akidanganya moja hupanda peke yake, jambo ambalo watoto wamelitambua na hawajamwambia.

Kwa nini hadithi ifanyike Mbeya?

Kwa sababu roboti aliyetengenezwa kwa kufuata kitabu hupata taabu sana nyanda za juu.

Tuanze na maji. Daftari la babu linasema, kwa kunukuu kitabu cha fizikia, kwamba maji huchemka yakifikia nyuzi 100. Hiyo ni kweli kwa Dar es Salaam, usawa wa bahari. Mbeya mjini, mahali palipo takribani mita 1,700 juu ya usawa huo, kanieneo ya hewa ni ndogo zaidi na maji huanza kuchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hayapandi zaidi hata ukiongeza kuni. Baba Nati anatumbukiza kipimajoto katika sufuria, anaona 94, na anakataa kutia unga. Maji yanatokota, yanapungua, yanakauka. Anaongeza mengine. Saa nne usiku watoto watatu wamekaa mezani na vijiko mkononi, na Baba Nati anatangaza kwamba maji ya Mbeya ni mavivu. Bibi jirani ndiye anayekuja, anatazama sufuria mara moja, anatia unga na kuusonga ugali, huku Baba Nati akipiga kelele kwamba bado nyuzi sita.

Halafu kuna mvua. Wilaya ya Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka katika baadhi ya sehemu zake, na safari ya kwenda Tukuyu kumwona shangazi, ambayo kwa mtu wa kawaida ni ya kufurahia migomba na chai njia nzima, kwa wazazi wa bati ni safari ya kutu. Wanarudi na rangi ya chungwa, wakilia kama lango la zamani. Baridi nayo ina kipindi chake. Betri za gari, ambazo ndizo zinazowaendesha roboti wetu pamoja na paneli ndogo ya sola mgongoni, hupungua nguvu kadiri joto linavyoshuka, kwa sababu mmenyuko wa kikemia ndani yake hupungua kasi. Na uwanda wa Kitulo mwezi wa Julai huweza kuamka na jalidi juu ya nyasi. Watu huiita Kitulo Bustani ya Mungu kwa ajili ya maua yake. Baba Nati, aliyesimama pale alfajiri akiwa ameganda na mkono mmoja hewani, aliiita friji ya Mungu, na tulibishana wiki nzima kama mstari huo ubaki. Umebaki.

Kipindi ninachokipenda kuliko vyote ni cha Mbozi. Kule, katika mkoa ambao tangu mwaka 2016 unaitwa Songwe, kipo kimondo kilichoanguka kutoka angani, chenye urefu wa takribani mita tatu na uzito wa zaidi ya tani kumi. Sehemu yake kubwa ni chuma, kikiwa kimechanganyika na nikeli kidogo. Shule ya Lusajo inawapeleka wanafunzi kukitazama, na Mama Bati anajitolea kwenda kama mzazi msimamizi. Mwalimu anaeleza kwamba hili ni pande la chuma lililosafiri peke yake, likaanguka hapa, na halijui lilikotoka. Mama Bati anapiga magoti. Anavua kilemba. Anasema, «Shikamoo, babu.» Wanafunzi wanacheka mpaka wanakaa chini, kisha Lusajo, ambaye safari nzima alikuwa akijifanya hamjui mwanamke huyu wa pipa, anakwenda kupiga magoti kando yake na kutoa shikamoo yake.

Wahusika wanazungumza lugha gani?

Wanazungumza Kiswahili, kwa sababu tunataka mtoto wa Mafinga, wa Makambako na wa Tanga waelewe bila kusubiri kutafsiriwa. Hata hivyo Kiswahili cha huku kimezungukwa na lugha nyingine, na ukizifuta zote utabaki na Mbeya ya kwenye kalenda. Bibi jirani hutumia Kinyakyusa, husalimia «ugonile» anapoingia na hushukuru «ndaga fijo» anapoondoka, dereva wa lori kutoka Iringa husalimia «kamwene», na Baba Nati, aliyepewa maneno ya Kiswahili peke yake, hudhani kila mara kwamba redio yake ya ndani imeharibika na hujigonga kichwani ili kurekebisha mawimbi.

Utani wa bibi na mjukuu nao umetupa chakula kingi. Bibi jirani humwita Lusajo «mume wangu», kama bibi yeyote anavyofanya, na humlalamikia kwamba tangu amwoe hajamletea hata kilo moja ya sukari. Mama Bati anayachukua maneno hayo kama yalivyo. Anafanya hesabu, anakuta bwana harusi ana miaka 8, anakumbuka kwamba kwa mujibu wa sheria mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na anakwenda kwa balozi wa nyumba kumi kushtaki. Balozi anacheka mpaka kofia inaanguka. Lakini tuliona tusiishie hapo, kwa kuwa Mama Bati ana haki ya kuuliza. Balozi anafuta machozi ya kicheko na kumwambia kwamba amefanya vizuri kuja, na kwamba siku akisikia jambo hilo kwa mtu asiyetania, asichelewe.

Katuni hutengenezwaje, na kwa nini inachukua muda mrefu?

Watoto huuliza swali hili kwa udadisi, wafadhili kwa mashaka. Hesabu yenyewe ni hii. Sinema hupita kwa kasi ya fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Kipindi cha dakika 11 kina sekunde 660, ambazo ni fremu 15,840. Kwa desturi ya zamani ya wachoraji, mchoro mmoja hushikiliwa kwa fremu mbili na jicho halilalamiki, kwa hiyo mtu anayechora kila kitu kwa mkono angehitaji michoro 7,920 kwa kipindi kimoja. Sisi hatuna mikono hiyo. Tunatumia vikaragosi vya kidijitali: mwili wa Mama Bati umechorwa mara moja, ukakatwa katika vipande, ukaunganishwa kwenye maungio, na sasa tunausogeza kama mtoto anavyosogeza mdoli wa karatasi. Hapo roboti wanatusaidia tena, kwani kiumbe wa bati hatarajiwi kutembea kwa ulaini, na goti lisilokunjika vizuri linakuwa sehemu ya tabia yake.

Programu tunazotumia, Blender na Krita, hazilipiwi, na bila hizo tusingeanza. Tunachokilipia ni umeme, muda, na uvumilivu wa kupoteza kazi ya saa mbili umeme unapokatika kabla hujahifadhi faili.

Sauti hurekodiwa kwanza, michoro hufuata. Katika kuchora vinywa tuligundua jambo ambalo limetupunguzia kazi. Miongozo mingi ya vinywa imeandaliwa kwa ajili ya Kiingereza, chenye irabu nyingi zinazokaribiana. Kiswahili kina irabu tano zilizo wazi, na karibu kila silabi huishia kwa irabu. Kwa hiyo maumbo saba yanatosha: matano ya a, e, i, o, u, moja la midomo iliyofungwa kwa m, b na p, na moja la meno juu ya mdomo kwa f na v. Mama Bati ana mawili tu, mlango wazi na mlango uliofungwa, na hakuna mtazamaji aliyewahi kulalamika.

Kwa anayeuliza kama kazi hii inawezekana Tanzania, jibu limekuwepo tangu mwaka 2014, Ubongo Kids ilipoanza kuonyeshwa ikiwa imetengenezwa Dar es Salaam. Tunachojaribu sisi ni kuifanya mahali ambapo mchoraji huvaa sweta kazini.

Inafaa kwa watoto wa umri gani?

Tunaiandika kwa ajili ya watoto wa miaka 6 hadi 12. Daraja rasmi la umri si letu kupanga; filamu hukaguliwa na kupangiwa daraja na Bodi ya Filamu, ambayo mizizi yake iko katika Sheria Namba 4 ya mwaka 1976. Katika andiko la kwanza Baba Nati alijaza ulanzi, pombe ya mianzi, katika tangi lake akidhani ni maji ya rejeta. Tuliiondoa sehemu hiyo wenyewe, bila kusubiri kuambiwa, ingawa mwigizaji wa sauti aliomboleza.

Je, watoto hawataiga kufungua redio na betri za nyumbani?

Watafungua. Sisi wenyewe tulifungua. Tumehakikisha tu kwamba hakuna mtoto katika katuni anayegusa waya wa umeme wa ukutani wala maji ya betri, na kwamba Atupele anapomtengeneza baba yake hufanya hivyo mchana, akiwa ametoa waya za betri kwanza, tena kwa kuitaja kila hatua kwa sauti.

Mama Bati betri ikimwishia, atakufa?

Swali hili huulizwa na watoto tu, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini baada ya wengine kuondoka. Tulipolisikia mara ya tatu tuliandika kipindi kwa ajili yake.

Ni Julai, ukungu umekaa Uyole siku nne na paneli haijaona jua. Jioni Mama Bati anasimama katikati ya sebule akiwa ameshika taulo la Kisa, na taa za macho yake zinazimika. Baba Nati amekwenda Makambako kutafuta kipuri. Watoto hawapigi kelele. Wanajua la kufanya, kwa kuwa wamewahi kulifanya. Atupele anasogeza viti ukutani. Lusajo anatandika mkeka. Anayekuja kwanza ni Bibi jirani, kisha balozi, kisha fundi cherehani na mtungi wa chai, na kila anayeingia huvua viatu na kuketi bila kuuliza. Wanakesha. Usiku huo hakuna kichekesho kwa dakika nne nzima, na kwa katuni ya dakika 11 huo ni muda mrefu sana. Tuliogopa, lakini watoto tuliowasomea hawakusogea.

Asubuhi ukungu unapasuka juu ya mlima Loleza. Miale inapita dirishani na kugusa mgongo wa pipa. Taa moja inawaka, kisha nyingine. Mama Bati anatazama watu ishirini waliolala kwenye sebule yake, anatazama taulo mkononi, na kuendelea pale alipoishia.

«Kisa,» anasema, «nimesema unawe miguu.»